Kuondoka Bila Kuambiwa



Sisi mafrateri wa falsafa tumekulia kwenye mpira wa miguu. Zitaje Simba na Yanga, meza ya chakula inagawanyika papo hapo. Kriketi tuliletewa na mlezi wetu mmoja, padre kutoka India, ambaye jioni za Jumamosi hutuwekea mechi kwenye runinga ya ukumbini na kutufafanulia kila mrusho. Mwanzoni tulikaa naye kwa heshima tu. Siku hizi tunakaa kwa sababu mchezo huu umetuachia swali ambalo darasa la maadili halijalimaliza.

Kwa wasioujua, tueleze kwa kifupi. Mpigaji anashika gongo bapa la mti (si lile linalotafutwa na polisi) na kusimama mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini, ambavyo juu yake vimelazwa vipande viwili vidogo vya mti. Hiyo ndiyo wiketi. Mrushaji anakuja mbio na kurusha mpira mgumu wa ngozi, ambao kwa kawaida hudunda mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Kazi ya mpigaji ni kuilinda wiketi yake na kuupiga mpira mbali, ili apate nafasi ya kukimbia na kukusanya mikimbio. Akitolewa, zamu yake imekwisha.

Na hakuna huruma. Mshambuliaji wa soka akikosa goli la wazi, dakika tano baadaye anaweza kupata jingine. Mpigaji akikosea mara moja tu, anakwenda kukaa kivulini. Don Bradman wa Australia, anayehesabiwa na wengi kuwa mpigaji bora kuliko wote, aliingia uwanja wa The Oval, London, mwaka 1948 akihitaji mikimbio minne tu ili wastani wake wa mechi za kimataifa ufike 100. Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili, kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Wastani wake ukabaki 99.94 hadi leo.

Njia za kumtoa mpigaji ni kadhaa. Mpira unaweza kuigonga wiketi yake na kuiangusha. Anaweza kuupiga na ukadakwa kabla ya kugusa ardhi. Mguu wake unaweza kuuzuia mpira ambao ungeigonga wiketi. Anaweza kukimbia akachelewa kufika. Lakini lipo sharti lililotushangaza sana: Sheria ya 31 inasema mwamuzi hamtoi mpigaji, hata kama kweli ametoka kwa mujibu wa sheria, mpaka wapinzani wamuulize. Ndiyo maana wachezaji hugeuka na kupiga kelele, kama kusema, “Vipi hiyo?” Wasipouliza, mchezo unaendelea. Kisha sheria hiyohiyo inaongeza jambo la pili: mpigaji anayejua kwamba ametoka hazuiwi kuondoka mwenyewe, hata kama hakuna aliyeuliza.

Sasa fikirini mpira unaoparaza ukingo wa gongo, kidogo mno, kisha unadakwa na mlinda wiketi aliye nyuma. Watazamaji hawajaona. Mwamuzi, aliyesimama mita ishirini na zaidi kutoka hapo, hana hakika. Lakini mpigaji ameusikia mikononi mwake. Afanye nini?

Tarehe 18 Machi 2003, mjini Port Elizabeth, Australia ilicheza na Sri Lanka katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hiyo ni Sri Lanka ileile ambayo wiki chache kabla, tarehe 24 Februari, ilifungwa na Kenya jijini Nairobi kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano. Wakati huo wengi wetu tulikuwa bado tunajifunza kutembea. Mpigaji wa Australia, Adam Gilchrist, alikuwa na mikimbio 22 na mkono wake ulikuwa umekolea. Aravinda de Silva akarusha, mpira ukaparaza gongo, ukagonga mguu, ukapaa, mlinda wiketi akaudaka. Sri Lanka wakauliza. Mwamuzi Rudi Koertzen akatikisa kichwa: hajatoka. Gilchrist akaweka gongo kwapani na kuondoka zake.

Tulipoona picha za mechi hiyo, ukumbi uligawanyika kuliko siku ya Simba na Yanga.

Upande mmoja ulisema amefanya ujinga. Mwamuzi yupo kwa kazi hiyo. Siku nyingine atamtoa mpigaji ambaye hajatoka, na hakuna atakayemrudisha. Acha makosa yafidiane. Zaidi ya hayo, mpigaji anachezea timu nzima. Ana haki gani ya kugawa mali ya wenzake kumi? Wakatuletea mfano wa Stuart Broad wa Uingereza, mjini Nottingham, Julai 2013. Mpira uliparaza gongo lake na kudakwa, mwamuzi hakumtoa, na Australia walikuwa wamemaliza nafasi zao za kuomba marudio ya picha. Broad alibaki. Aliongeza mikimbio 28 kabla ya kutolewa baadaye. Uingereza ilishinda kwa tofauti ya 14.

Hoja hiyo si nyepesi, na hatukutaka kuipuuza. Mtakatifu Thomas wa Akwino mwenyewe anafundisha kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila ovu. Inashughulikia yale mazito. Broad hakuvunja kifungu chochote.

Upande wa pili ulijaribu kusema kwamba uaminifu hulipa, kwa kuwa Australia ya Gilchrist ilishinda mechi ile na hatimaye kombe. Padre aliwazima haraka. Akatusimulia juu ya Courtney Walsh wa West Indies, mjini Lahore, katika Kombe la Dunia la 1987. Pakistan walihitaji mikimbio miwili kwa mpira wa mwisho, wakiwa na wiketi moja tu iliyobaki. Saleem Jaffar alitoka mapema kwenye mstari wake, na Walsh alikuwa na haki kamili ya kuivunja wiketi na kumaliza mchezo. Alisimama, akamwacha arudi. Mpira uliofuata Pakistan walipata mikimbio yao, na West Indies hawakufika nusu fainali. Kwa hiyo atakayekuwa mwema akingojea kombe, asome vizuri historia ya mchezo.

Sisi tumeona jibu liko kwingine. Wapigaji wanaoondoka wenyewe hufanya hivyo mpira unapoparaza gongo na kudakwa. Kwenye suala la mguu kuziba wiketi, humwachia mwamuzi, na hakuna anayewalaumu. Kwa nini? Kwa sababu mpigaji hawezi kujua kwa hakika kama mpira ungeigonga wiketi. Mwamuzi yuko mahali pazuri zaidi pa kuona. Lakini mparazo wa gongo anaujua. Ni kweli kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Hata hivyo anaweza kuwa shahidi, na mara nyingine ndiye shahidi pekee. Gilchrist hakunyang'anya kazi ya Koertzen. Alitoa ushahidi ambao Koertzen hakuwa nao.

Haya hayakubaki uwanjani. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja alipita tathmini ya walezi. Masomo mazuri, nidhamu nzuri, kanisani hakosi. Aliambiwa aendelee. Wiki iliyofuata alikwenda kwa Baba Gombera na kusema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba amejua, baada ya sala ya miezi mingi, kuwa wito wake hauko huku. Baadhi yetu tulimsihi anyamaze na kungoja. Nyumbani walikuwa wamekwisha kumwita “padre wetu”. Tulimsindikiza hadi stendi ya basi, tukiwa tumembebea sanduku, na njiani hakuna aliyezungumza sana.

Hatusemi kwamba kila mwenye shaka afunge mizigo. Mashaka mengi ni kama mpira uliogonga mguu: mwenyewe huna pembe nzuri ya kuona, na walezi wamewekwa kwa ajili hiyo. Waachie waamue. Lakini yapo machache ambayo mtu ameyasikia mikononi mwake, na hayo walezi hawawezi kuyaona hata wakiwa na kamera kumi.

Mwezi ujao tunaketi tena mbele yao, mmoja mmoja. Watatuuliza yale wanayoweza kuyaona. Tuombeeni, ili kila mmoja wetu aseme na lile lisiloulizwa.