Chuo Changu Kina Homa

Ukitaka kujua kama laptop yako ya gemu ina shida ya joto, usiangalie dakika tano za kwanza. Dakika tano za kwanza kila mashine ni kali. Angalia dakika ya ishirini. Gemu iliyokuwa inateleza inaanza kukatakata, feni inalia kama mashine ya posho, na juu ya kibodi kuna mahali huwezi kuacha kidole. Hapo wengi husema laptop imezeeka. Mara nyingi haijazeeka. Inajiokoa tu.

Yangu ina prosesa ya Intel Core i5-9300H, ya mwaka 2019. Mwendo wake wa kawaida ni gigahazi 2.4, lakini ikipata nafasi hupanda hadi 4.1. Mwisho wa joto inaloweza kuvumilia ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza mwendo yenyewe, bila kukuomba ruhusa, ili isiungue. Kule kukatakata unakokuona ni breki.

Niliinunua mtumba hapa Nairobi, mwaka niliotoka chuo. Karo ilikuwa imetushinda nyumbani, na pesa kidogo zilizokuwa zimechangwa kwa muhula ambao singesoma zikaingia kwa laptop. Mamangu, ambaye yuko Likoni, huiita "chuo chako". Akipiga simu, nikishamwamkia, anauliza: "Na chuo chako hakijambo?" Ndani yake naandika makala za watu, nalipwa kwa hesabu ya maneno. Ndani yake pia nacheza GTA V usiku kazi ikiisha. Sina nyingine. Ikizima, kodi ya bedsita yangu Umoja inazima nayo. Kwa hivyo nikiona nyuzi 97 kwenye skrini, hiyo si namba ya gemu peke yake.

Ili ujue pa kushika, fuata njia ya joto. Linatoka kwenye chipu, linapita kwenye tabaka jembamba la pesti, linaingia kwenye bomba la shaba, linafika kwenye mapezi membamba ya chuma, halafu feni inalipuliza nje. Likikwama mahali pamoja tu, safari yote imekwama.

Kituo cha mwisho ni chumba chako, na hicho huwezi kukihonga. Feni hupoza kwa hewa iliyopo, kwa hivyo chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda karibu hizo kumi. Mimi nimekulia Pwani, nilidhani nikija Nairobi baridi itanimalizia kazi. Inasaidia, ndiyo. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Feni ikizunguka mara zile zile, inabeba hewa kidogo zaidi, na joto kidogo zaidi. Ongeza vumbi la Eastlands hapo.

Nilianza na vitu vya bure. Matundu ya kuvuta hewa yako chini ya laptop, kwa hivyo vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma viliipa nafasi ya kupumua. Juu ya godoro au blanketi mashine haipati hewa, hata ikiwa mpya kutoka dukani. Na yule jamaa wa mtaani anayekushauri uiweke kwa friji kidogo, mwitikie kwa heshima halafu usifanye. Ukiitoa, unyevu wa hewa unageuka matone ndani yake, na maji huua haraka kuliko joto.

Kisha nikaenda kwa fundi. Alipofungua tukakuta kati ya feni na mapezi kumejikunja kitu kama kipande cha zulia, vumbi la mwenye laptop wa kwanza. Alipuliza huku ameshikilia feni kwa kidole, kwa sababu ikiachwa izunguke ovyo na upepo huo inaweza kuharibika. Pesti ilikuwa imekauka kama matope ya kiangazi. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya, tone moja dogo. Kutoka 97 tukashuka hadi 88.

Lakini nyuzi nyingi zilizobaki sikuzitoa kwa bisibisi. Skrini yangu inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Gemu ilikuwa inatengeneza 90, wakati mwingine 110. Zile za ziada zinapikwa, zinachoma umeme, halafu hakuna anayeziona vizuri. Nikaweka kikomo cha 60. Halafu kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nikashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa mashine nyingi, hiyo asilimia moja inazima ule mwendo wa kupanda hadi 4.1. Ni kama matatu ya Thika Road: ukitaka mwendo wa mwisho kabisa, mafuta yanaisha haraka kuliko dakika unazookoa. Prosesa nayo, kadiri inavyokimbia, ndivyo inavyohitaji volti zaidi, na joto linapanda kuliko mwendo wenyewe. Nikashuka hadi 76.

Beshte yangu mmoja alicheka. "Bro, unanunua mashine kali halafu unaifunga breki?" Nilimwambia breki ilikuwepo tayari. Tofauti ni nani anaikanyaga, na wakati gani. Mashine ikijipunguzia yenyewe, inafanya hivyo katikati ya mbio, polisi wako nyuma yangu na nyota tano. Nikiipunguza mimi, najua nina picha 60, na nitakuwa nazo dakika ya ishirini na saa ya pili. GTA V kwenye PlayStation 4 ilikuwa inakwenda picha 30 kwa sekunde, na mtaa mzima tuliicheza bila mtu kulia.

Tangu hapo kazi pia naipangia hivyo. Mteja akitaka maneno 5,000 kufikia asubuhi, namwambia 2,000 leo na mengine kesho kutwa. Wengine hupotea. Waliobaki hulipa, na mimi nalala.

Desemba niliteremka Likoni. Usiku sebuleni ilikuwa nyuzi 31, upepo hakuna, jasho linadondoka kwenye kibodi. Nilicheza saa mbili nzima na namba haikupita 86. Mama alipita na kikombe chake cha chai, akaweka kiganja juu ya laptop kama anavyompima mtoto paji la uso.

"Kina joto," akasema, "lakini si homa."