Mgeni Asiyepiga Hodi

Shangazi yangu alikuwa akiuza ndizi Mbuyuni. Alifariki mwaka 2019 kwa saratani ya mlango wa kizazi, miezi michache tu baada ya kuambiwa anayo. Pale msibani Njoro watu walisema, "Umemchukua ghafla." Nami nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari langu la riwaya: ghafla.

Msomaji, nilikosea, na neno lile nimelikata. Saratani hii kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Nikapiga hesabu. Mimi nimezaliwa 2000. Kumbe siku zile ananibeba mgongoni kwenda sokoni, huenda mgeni alikuwa keshaingia ndani, kimya, bila hodi.

Mgeni mwenyewe ni kirusi, HPV. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyemfichua miaka ya 1980, akapewa Tuzo ya Nobel 2008. Huja kwa njia ya ngono, ndiyo maana watu wanaona haya kumtaja. Mara nyingi mwili humfukuza wenyewe. Akigoma kutoka ndipo balaa linapoanza, na wala haumi.

Lakini ana maandishi. DNA yake, kama yetu sote, imeandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. A hushikana na T, G na C, basi. Wataalamu hutengeneza kipande chenye herufi zinazolingana na zake. Kikikutana naye kinamnasa, na mashine inatoa ishara, pengine mwanga. Yaani anasomwa kabla hajaandika sura ya mwisho. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha DNA kitangulie vingine. Hapa Moshi watafiti wa KCMC wamekwisha kukitumia, na wapo wanawake waliojichukulia sampuli wenyewe kwa brashi ndogo.

Nilimsimulia mama. Akaendelea kupeta mchele.

"We mtoto, mimi siumwi."

"Shangazi naye alikuwa haumwi, mama."

Ungo ukasimama. Tukakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo brashi, ni lazima mtu akuangalie?"

"Wenzako walijichukulia wenyewe."

Hajaenda bado. Ila jana kaniuliza nauli ya KCMC siku hizi ni shilingi ngapi. Na daladala hiyo kaipanda maisha yake yote.