Kabla Ukate Springi za Mark X

Watu wangu wa Rodi Kopany, na nyinyi mnaonifuata kutoka Rongo, Ndhiwa hadi Migori, leo nitaudhi wengine. Mark X iliyoshushwa hadi inakaribia kulamba lami haikati kona vizuri kuliko ile ya kawaida. Mara nyingi inakata vibaya zaidi. Inapendeza tu ikiwa imesimama.

Nasema hivi kwa sababu binamu yangu amekuja nyumbani na Mark X ya 2012, na tayari fundi mmoja ameshamwambia springi zinakatwa kwa grainda, kazi ya asubuhi moja, pesa kidogo. Tumebishana wiki nzima. Omera, sikiliza.

Toyota walianza kuunda Mark X 2004 ichukue nafasi ya Mark II, wakaacha 2019. Injini ni V6, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, na kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa juu na wa chini. Yaani Wajapani walishapiga hesabu ya kona. Shida ni kwamba sheria yetu inaruhusu gari liingie likiwa na hadi miaka minane, halafu sisi tunaongeza mingine mingi ya matuta na mashimo. Raba za bushi zimepasuka, shoki zinavuja, boli joint zinacheza. Unageuza usukani, gari inafikiria kwanza. Na hii usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, hakuna pampu ya mafuta ya kulaumu. Ule uzito mtamu unaoutafuta mkononi unatoka kwa bushi, tai rodi, matairi na alaimenti.

Sasa ukate springi. Inakuwa fupi na ngumu, lakini shoki ni ile ile, iliyopimiwa springi nyingine. Gari inadundadunda. Nafasi ya gurudumu kupanda nayo imeisha, kwa hivyo ukikuta shimo katikati ya kona, shoki inagonga mwisho na tairi linaachia lami. Hebu fikiria hiyo ukiteremka kuelekea Homa Bay, watu wanne nyuma (usinidanganye mnakaa watatu) na gunia la mahindi kwa buti. Zaidi ya hayo, magurudumu yanalala ndani, tairi linaliwa upande mmoja usiouona mpaka waya zitokee.

Mtu atasema nimezeeka kabla ya wakati. Hapana bana, mimi pia napenda gari inayoshika barabara. Ndiyo maana nilimwambia binamu aanze na bushi za mikono ya chini mbele, shoki nne mpya, matairi mazuri yanayofanana, kisha alaimenti ya mashine, si ya kamba na jicho. Alaimenti iwe ya mwisho, la sivyo utalipa mara mbili. Hakuna atakayekupigia picha kwa sababu ya bushi, najua.

Pesa ikibaki, weka baa nene ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa barabara zetu, kwa sababu haikuondolei hata inchi moja ya urefu kutoka chini. Lakini nayo usizidishe: inafunga gurudumu la kushoto na la kulia pamoja, kwa hivyo shimo la upande mmoja unalisikia pande zote mbili. Koilova nzuri zipo na zinafanya kazi, ila bei yake ukiigawanya unapata hivyo vyote hapo juu na mafuta ya kwenda Sori na kurudi.

Kitu kimoja ambacho sitabishana nacho hata kidogo ni ule usukani mdogo wa mashindano. Ukiufunga, umetoa mfuko wa hewa wa dereva. Binamu ameshaununua. Uko kwa buti, bado ndani ya karatasi, na nimemwambia auuze.