Siku Tatu Katika Baridi ya Molo

Watu wengi wa mjini wakisikia habari za kupumzika huwaza Mombasa, mchanga mweupe na hoteli za pwani. Wengine hudhani kwamba mapumziko ni mambo ya matajiri, naye karani mwenye watoto wa shule hana budi kukaa nyumbani na kungoja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini Januari mwaka huu, kabla shule hazijafunguliwa, niliwachukua watu wa nyumbani mwangu tukaenda Molo, tukakaa siku tatu, tukarudi salama. Nimeona vema kuwaeleza wasomaji habari za safari ile, kwanza kwa sababu haikuwa na gharama kubwa, na pili kwa ajili ya jambo moja nitakalolitaja mahali pake.

Sisi twakaa Nakuru. Mji wetu ulipata cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukawa wa nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Lakini cheo hakipunguzi ukali wa jua. Husemwa kwamba jina Nakuru latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mtu aliyekaa hapa mwezi wa Januari hawezi kubisha. Mvua zimekwisha, nyasi za mteremko wa Menengai zimekauka, na upepo wa alasiri hupeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria. Usiku mabati ya nyumba bado yana joto la mchana, na watoto hawapati usingizi.

Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi, ambaye amepita umri wa miaka 75. Mama alizaliwa Molo katika shamba la mlowezi, akaanza kuchuma pareto tangu utoto wake. Baada ya Uhuru, baba na wenzake walichanga fedha katika kampuni ya kununua ardhi, wakapata sehemu zao, na hapo ndipo sisi tulipolelewa. Baba alifariki mwaka 2005, akazikwa shambani. Kisha ikaja Januari 2008 na fujo zile za baada ya uchaguzi, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100 katika Kenya nzima na kuwahamisha mamia ya maelfu. Mama alitoka Molo usiku, akiwa na nguo alizovaa, akalala kwa muda katika kambi ya Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Tangu siku ile alifika mjini Molo mara mbili tu kwa mazishi, akarudi kabla jua halijatua. Shambani hakukanyaga tena, ingawa mama mdogo, yaani nduguye, alikuwa amekwisha kurudi na kulilima.

Basi nilipomweleza habari za safari, Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Nitawasindikiza wajukuu wangu. Lakini jioni nitarudi Nakuru kwa gari la mwisho.” Sikushindana naye.

Tulipanda matatu asubuhi mapema. Kutoka Nakuru mpaka Molo ni mwendo upatao kilomita 45 tu, na njia nzuri kwa mwenye kutaka kutazama nchi ni ile ipitayo Njoro na Elburgon. Mtu huiacha barabara kuu ya kwenda magharibi, akashika mkono wa kushoto, na papo hapo nchi huanza kupanda taratibu.

Katika njia hiyo kuna kasri la mawe alilolijenga Lord Egerton kati ya mwaka 1938 na 1954, lenye vyumba zaidi ya 50, ambamo alikaa bila mke wala mtoto mpaka akafa. Siku hizi wageni hulipa kiingilio wakaingia kulitazama. Binti yangu mkubwa aliuliza mtu mmoja alitaka vyumba vyote hivyo vya nini. Mama akamjibu, “Sisi tulikuwa watu saba katika nyumba moja ya nyasi, wala hatukukosa mahali pa kulala.” Lakini bwana yule ndiye aliyetoa ardhi ya shule ya kilimo mwaka 1939, kwanza kwa ajili ya vijana wa Kizungu peke yao, shule ile imekuwa Chuo Kikuu cha Egerton tangu mwaka 1987, nayo yasomesha watoto wa watu wote.

Njoro ni nchi ya ngano. Walowezi wa kwanza, akiwamo Lord Delamere, walipanda ngano hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, wakaharibiwa na ugonjwa wa kutu unaokula shina na majani. Ndipo ikaanza kazi ya kutafuta mbegu zisizoshindwa na kutu, kazi ambayo haijakoma. Kutu ya namna mpya ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia zililetwa Njoro ili zijaribiwe. Mkulima apitaye hapa akiona vipande vidogo vya ngano vilivyopangwa kama kurasa za daftari, na ajue kwamba mkate wa watu wa mbali unapimwa katika udongo wa kwetu.

Baada ya Njoro masikio ya watoto yalianza kuziba, nami nikawaeleza sababu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Molo ni karibu mita 2,500. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo Molo haikosi kuwa na baridi zaidi kuliko Nakuru, hata jua liwe kali namna gani. Mtoto wangu mdogo alitoa mkono dirishani, akasema hewa imekuwa kama maji.

Elburgon ni mji wa mbao. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, viwanda vingi vya mbao vilinyamaza, na vijana wengi wakakosa kazi. Julai 2023 Rais alitangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa, na jambo hilo likapelekwa mahakamani. Mtu akisikiliza wasafiri ndani ya gari ataona kwamba wote wawili wana haki ya kusikilizwa: yule ambaye watoto wake hula kwa msumeno, na yule ambaye kijito chake kimekauka.

Tulifika Molo kabla ya adhuhuri. Mama alitazama reli kwa muda. Reli ile ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapanda Mau, na ikafika Kisumu Desemba 1901. Mama alikumbuka jinsi magunia ya pareto iliyokaushwa yalivyopakiwa. Vijana wa leo hawajui kwamba maua yale meupe, yenye dawa ya kuua wadudu, ndiyo yaliyolipa karo za wazee wao. Wakati mmoja Kenya iliuza pareto kuliko nchi yoyote duniani. Baadaye malipo yakachelewa, wakulima wakaing'oa wakapanda viazi. Lakini siku hizi wako waliorudia kuipanda.

Nyumbani mama mdogo alitupokea kwa chai ya maziwa mengi na viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Watoto wangu, ambao mjini huchagua chakula, walikula mpaka nikaona haya. Kisha wakapewa kazi ya kuchuma njegere, nao wakadhani ni mchezo.

Sasa nalitaja lile jambo. Alasiri alikuja jirani yetu, mama mzee wa kabila jingine, aliyechuma pareto pamoja na Mama katika mistari ile ile walipokuwa wasichana. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa. Walisimama wakitazamana, wala hakuna aliyenyoosha mkono kwanza. Kisha yule mgeni akasema, “Umezeeka.” Mama akajibu, “Na wewe umezeeka kunishinda.” Wakacheka, wakashikana mikono yote miwili.

Wakaenda pamoja mpaka kaburi la baba. Miaka ile ambayo hapakuwa na mtu wetu hata mmoja shambani, mama yule alikuwa amelipalilia na kulizungushia seng'enge ili ng'ombe wake mwenyewe wasilikanyage. Mama alikuwa ameambiwa habari hizo zamani, lakini kuambiwa si kuona. Alishika waya ile kwa vidole, mti mmoja hata mwingine, mpaka akalizunguka kaburi lote. Sikusikia walilosema, nami sikuuliza.

Hata saa kumi na moja ikafika, kisha na nusu yake. Nilijua gari la mwisho lilikuwa karibu kuondoka, lakini sikumkumbusha. Jua lilipotua, Mama alimgeukia mama mdogo akamwuliza kama lipo blanketi jingine.

Usiku ule tulikaa karibu na moto, na mlango ukafungwa mapema. Watoto waligundua kwamba pumzi zao zatoka kama moshi, wakashindana nani atatoa moshi mwingi. Asubuhi nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda ambao wakulima wa viazi huuogopa kwa kuwa huunguza majani kama moto. Mama alikuwa ameamka kabla yetu sote, naye alikuwa nje akikagua ua.

Siku ya pili tulitembea mpaka Mto Molo, ambao karibu na chanzo chake ni kijito tu. Mtoto aweza kukiruka. Niliwaambia watoto kwamba maji haya yatateremka mpaka Ziwa Baringo, na kwamba Mto Njoro, utokao katika msitu huu huu wa Mau, huteremka mpaka Ziwa Nakuru lililo karibu na nyumbani kwetu. Mito mingine ya Mau huenda Ziwa Victoria. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa katika hifadhi ya msitu zikagawanywa, na mahali palipokuwa na miti mikubwa leo pana mahindi na viazi. Wako waliogawiwa kwa haki, wakalima kwa jasho lao, na siwalaumu. Lakini udongo usio na miti hauna wa kuushika mvua ikinyesha. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu mwaka 2010, likafunika hata lango la zamani la hifadhi ya wanyama. Na wataalamu, pamoja na kutaja mvua kubwa, hutaja pia udongo uliochukuliwa kutoka milimani. Basi mtu wa mjini asiseme kwamba mambo ya msitu ni ya watu wa msituni.

Siku ya tatu tulirudi, tukiwa na gunia la viazi, karoti, na plamu za kwanza za msimu. Jirani yetu alitusindikiza mpaka barabarani. Ndani ya gari Mama hakusema neno mpaka tulipofika Njoro, ambapo joto lilianza kurudi. Hapo akaniuliza, “Mwezi wa nne shule zitafungwa lini?” Nikamwambia nitaangalia. Akasema, “Angalia mapema, kwa maana wakati wa kupanda haungoji shule.”

Sidai kwamba siku tatu zaweza kuponya mambo ya miaka mingi. Wako waliopoteza zaidi kuliko sisi, na wengine hawana shamba la kurudia wala jirani wa kuwapokea. Wala baridi ya Molo si dawa ya woga. Lakini laiti tungalingoja mpaka Mama aseme mwenyewe kwamba yu tayari, labda asingaliliona kaburi lile kabisa. Tulimwalika kwa ajili ya watoto na hewa safi, naye akaenda kwa sababu hiyo ndogo.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu wa Nakuru, na hata wa Nairobi, wasidharau nchi ya baridi iliyo karibu nao. Mwenye jamaa huko aende kwa jamaa, achukue sukari na unga, wala asikae kama bwana mkubwa, bali asaidie kazi ya shamba. Asiye na jamaa atapata nyumba za wageni mjini Molo. Miezi ya Januari na Februari njia za udongo ni kavu. Mwezi wa Aprili ni matope, na mtu achukue viatu vya mpira. Mwenye mzee nyumbani asimwache nyuma kwa kusema kwamba safari itamchosha, amwulize mwenyewe. Na kila mtu achukue sweta mbili, kwa maana moja ataivaa, na ya pili ataiona faida yake saa kumi na mbili jioni.