Sahihi Yangu

Nilihitimu uhandisi mwaka 2012, nikaajiriwa katika kiwanda cha dawa mjini Nairobi. Nilikabidhiwa mtambo wa mvuke uliokuwa ukiua vijidudu katika chupa za maji ya kutiwa mishipani mwa wagonjwa. Kanuni yake ilikuwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15, bila kupungua.

Usiku mmoja, nikiwa bado katika miezi ya kujaribiwa kazini, niliona katika karatasi ya mtambo kuwa mstari wa wino umeshuka hadi nyuzi 118 kwa dakika 4. Fundi mmoja, mzee niliyemheshimu kama baba, aliniambia, "Tia sahihi, mwanangu. Maabara itazipima."

Ni kweli, maabara hupima. Lakini chupa iliyofunguliwa kupimwa haimfai tena mgonjwa. Kwa hiyo hupimwa chache, na maelfu huondoka bila shahidi ila karatasi ile na sahihi iliyo chini yake. Jicho haliwezi kusaidia, kwani maji yenye vijidudu na yasiyo navyo hung'aa sawasawa.

Sikutia sahihi. Chupa zote zilimwagwa, na asubuhi niliitwa kujibu juu ya hasara. Nilijibu kwa hofu, karatasi mkononi. Vali ya mvuke ilipofunguliwa ilikutwa imeziba. Tangu siku hiyo mzee yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita kila mstari ulipotikisika.

Msomaji kijana, mgonjwa kitandani hamchagui mhandisi wake. Humwamini mtu asiyemjua. Shahada ilinipa kazi. Kustahili imani hiyo nilijifunza usiku ule.