Dawa za Meno Katika Njia ya Lamu



Anayesafiri kwa gari kutoka Malindi kwenda Lamu hupita, bila kutambua, katika duka refu la dawa za meno. Katika safari yetu ya karibuni ya kuhudhuria Maulidi tulizitazama dawa hizo moja baada ya nyingine, nasi twaona ni vyema kuwaeleza wasomaji wetu kila moja ina uwezo gani, na uwezo huo wakomea wapi.

Ya kwanza ni chumvi. Ukishaiacha Malindi, pande za Gongoni na Marereni, yameenea mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, kisha chumvi ikakusanywa kwa mafungu meupe. Hii ndiyo dawa nyepesi kuliko zote kwa fizi zilizovimba au zinazotoka damu. Nusu kijiko cha chai huyeyushwa katika bilauri ya maji ya uvuguvugu; mtu akasukutua kwa nusu dakika, kisha akayatema. Aliyeng'olewa jino na angoje siku moja kwanza, asije akaling'oa bonge la damu lililoziba pengo.

Tukauvuka Mto Tana pale Garsen. Katika nyanda zile huota mti wa mswaki, ambao Waarabu wauita araki, nao hustahimili ukame na ardhi ya chumvichumvi. Kila Muislamu ajua jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyoupenda mswaki, hata akakaribia kuuwajibisha kwa kila sala, ila alituonea huruma. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 1986, lilihimiza matumizi ya vijiti hivi kwa watu ambao ni desturi yao.

Basi na tuutumie inavyopasa. Humenywa gome kadiri ya nusu inchi, hutafunwa mpaka nyuzi zilainike, kisha husuguliwa kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Nyuzi zikichakaa hukatwa. Kasoro si ya mti, ni ya mkono wetu: wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana na watu, wakayaacha magego na upande wa ndani, na huko ndiko ukoga hukaa na jino likaanza kuoza. Wala si vibaya kuongeza brashi na dawa ya meno yenye floridi kabla ya kulala.

Dawa ya tatu twaikuta Lamu kwenyewe, katika maduka ya vichochoroni: karafuu, ambayo watu wa Unguja na Pemba wameilima tangu karne ya 19. Mafuta yake hutia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe wameyatumia miaka mingi. Karafuu moja huwekwa juu ya jino linalouma na kutafunwa polepole. Au tone moja la mafuta yake huchanganywa na mafuta ya nazi, likatiwa kwenye pamba. Mafuta matupu huunguza ufizi, na mtoto mdogo asipewe.

Lakini ganzi si tiba. Katika boti ya kutoka Mokowe tulikaa na kijana aliyefunga shavu kwa kitambaa. Alikuwa ametia karafuu kwa wiki tatu, naye akashukuru kuwa maumivu yamekwisha, ila taya ndiyo imevimba. Tulimsihi, na tuliposhuka tukafuatana naye hospitalini. Daktari alieleza kuwa maumivu yalikoma kwa sababu mshipa ndani ya jino umekufa, na usaha sasa washuka kwenye mfupa. Jino lilibidi ling'olewe. Lingeletwa mapema, huenda lingezibwa.

Hilo ndilo tunalotaka kila mzazi alishike. Chumvi na karafuu hukupa usiku wa kulala hadi kupambazuke uende kwa daktari. Tundu la jino hazilizibi. Fizi zinazotoka damu zaidi ya wiki mbili zataka kutazamwa. Na mwenye uvimbe wa shavu au shingo, homa, au anayeshindwa kufungua kinywa au kumeza, asingoje hata asubuhi, maana uvimbe huo waweza kuziba pumzi.

Tupunguze pia halua na soda za kila jioni, na tambuu ya popoo tuiache kabisa, kwani huleta saratani ya kinywa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na jino halina fundi wa kulijenga upya likawa kama lilivyoumbwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atuwezeshe kuihifadhi amana ya miili yetu. Amin.