Wageni wa Kigoma

Jumanne, 8 Julai 2025
Wamefika! Shemeji kawabeba samaki toka Kigoma kwenye deli, mfuko ndani ya mfuko, kazungushia na kanga. Kona za barabara ya Soni nazo hazikuwamaliza. Wote wazima. Weusi tititi, madoa meupe mwili mzima. Watoto bado hawa duboisi. Wakikua madoa yanafutika, kichwa kinakuwa cha bluu. Nimewatia tangi dogo la chumbani, peke yao. Wale wa sebuleni wasubiri.

Wakati wa kuaga shemeji kanipa na karatasi ya vidonge vya Flagyl. "Wape leo leo." Nimeitupia juu ya kabati.

Jumatano, 9 Julai
Usingizi wa mang'amung'amu. Niwape, nisiwape?

Ugonjwa wao wa tumbo naujua: anaacha kula, anatema chakula, kinyesi cheupe chembamba kinaning'inia, anajibanza kona. Akishafikia kuvimba, mara nyingi ndiyo basi. Ndiyo maana watu wanatanguliza dawa, siwalaumu. Ila leo hakuna hata dalili moja. Nitakuwa natibu nini?

Jirani kanicheka. Yeye vifaranga vya kuku vikishuka tu kwenye boksi, dawa ya OTC kwenye maji, kuvihesabu baadaye. Vikiumwa kweli je? Anaongeza dozi. Haya.

Alhamisi, 10 Julai
Nimepima maji. Mawe ya chokaa ya Tanga yamo tangini tangu mwezi uliopita na bado pH 7.8. Bomba lenyewe liko chini ya 7. Maji ya milima hii ni laini, sabuni ukiigusa tu povu. Ziwa Tanganyika ni karibu 9, na joto nyuzi 24 hadi 27. Mimi hapa nanywa chai na koti mwilini, ukungu mlangoni.

Flagyl haitayageuza maji ya Lushoto yawe ya Kigoma. Kama kuna kitu kitawaangusha hawa, ni hiki. Nimeongeza mawe. Bikaboneti ile ya kuumulia maandazi pia, kidogo kidogo, nisiwashtue.

Jumapili, 13 Julai
Umeme umekatika usiku, hita kimya. Asubuhi nyuzi 20. Blanketi langu limeenda kwenye tangi, na chupa za maji moto ndani. Mke wangu kaniangalia tu.

Mgeni aliyepitia baada ya ibada kaona tangi, akapiga kelele: "Hawa wameshapata madoa meupe!" Wamezaliwa nayo, ndugu yangu. Lakini kashanitia wasiwasi. Usiku nimeshika tochi, nimewakagua mmoja mmoja. Madoa ya kuzaliwa yamelala kwenye ngozi, ya leo ndiyo ya jana. Ya ugonjwa huinuka, chembe za chumvi, yanatapakaa hadi kwenye mapezi. Mapezi safi. Hakuna anayejikuna kwenye mawe.

Na hata yangekuwa ya ugonjwa, Flagyl haiwafanyi kitu vimelea wake. Dawa yao ni nyingine, nayo huwapata wakiwa wanaogelea majini, si wakiwa wamejificha ndani ya ngozi. Kwenye baridi mzunguko wao unarefuka. Kwa hiyo wiki moja ya kuwaangalia haitoshi. Wiki nne.

Jumatano, 16 Julai
WANAKULA. Mchicha wa kuchovya maji ya moto, na jiwe lenye ukoga wa kijani nililolitoa kwenye pipa la mvua. Wanalikwangua kwa midomo, vichwa chini, mikia juu. Mmoja kajitwalia jiwe zima, akisogea mwenzake anamtimua. Nimekaa pale hadi chai ikapoa.

Shemeji kapiga.
"Hujawapa dagaa?"
Sijawapa. Walaji wa ukoga hawa, utumbo mrefu. Dagaa kila siku ndiyo njia ya mkato ya kwenda kwenye lile tumbo.
"Na dawa?"
Nikanyamaza.
"Shemeji, una kiburi."

Labda. Au naogopa dawa kuliko ugonjwa, na huo nao ni woga. Hili limenikaa kichwani jioni nzima.

Ijumaa, 18 Julai
Mdogo kuliko wote hakutoka kula asubuhi. Nimeishusha Flagyl kabatini, nimeisoma nyuma na mbele. Saa nane mchana katoka, kala. Nimeirudisha. Siku ndefu hii.

Jumamosi, 26 Julai
pH 8.4. Hita sasa ina betri ya akiba. Vinyesi navikagua kila asubuhi (nyumba nzima inanicheka): vya kijani iliyokolea, vifupi.

Niuandike uamuzi nisije nikajigeuza usiku: siwapi. Watakaa peke yao hadi wiki nne zitimie. Atakayegoma kula na kutoa kinyesi cheupe, huyo nitamtoa, atatibiwa kwenye ndoo yake, dozi kamili hadi mwisho. Wengine watakula mchicha.